Mchezo wa Mtoto Mdogo si Upuuzi

Kuna lawama moja ambayo kila mwalimu wa watoto wadogo huisikia kabla mwaka wa masomo haujafika Noeli. Mzazi apita karibu na ua wa shule saa tatu asubuhi. Aona watoto wamechuchumaa mchangani, wengine wanamimina maji kutoka kopo hili hata lile, wengine wanasukuma gurudumu kwa kijiti, na mwalimu amesimama katikati yao, hana chaki mkononi. Jioni lawama yafika: "Mwalimu, sisi tunalipa ili mtoto asome. Kucheza anacheza nyumbani."

Hatumcheki mzazi huyo. Fedha ile imetoka katika mihogo iliyobebwa kichwani mpaka sokoni, au katika gunia la mpunga lililouzwa kabla ya wakati wake. Serikali ilipoanza mwaka 2019 kuondoa malipo katika shule za msingi za umma, shule za watoto wadogo, zile ambazo kwetu twaziita maternele, hazikuhesabiwa humo. Kwa hiyo mwenye kumpeleka mtoto wa miaka mitatu au minne shuleni ajinyima kweli kweli, naye ana haki ya kuuliza anapewa nini badala ya fedha yake.

Twamjibu kwamba anapewa shule. Kwa mtoto wa umri ule mchezo ndiyo kazi yake na ndiyo masomo yake, nao mchezo ulio bora wapatikana nje, chini ya mwembe, kuliko juu ya benchi. Nasi twataka kuyaeleza haya kwa mambo yanayoonekana hapa Luvungi, si kwa maneno ya vitabuni tu.

Tutazame kwanza ng'ombe wa udongo. Nani katika bonde la Ruzizi hakumfinyanga alipokuwa mdogo? Makundi ya ng'ombe hupita karibu na nyumba zetu, na watoto huwaiga. Lakini tufuate kazi yenyewe hatua kwa hatua. Mtoto wa miaka minne yampasa kwanza kuujua udongo. Ulio na mchanga mwingi wapasuka. Uliotiwa maji mengi wateleza mkononi. Hakuna aliyemfundisha jambo hili kwa maneno; vidole vyake vimemwambia. Kisha aukanda, na kuukanda ni kazi ya nguvu. Aviringisha miguu minne, na miguu isipokuwa sawa ng'ombe aanguka, basi alinganisha urefu, akakata huu, akaongeza ule. Atafuta miiba miwili ya pembe, yenye urefu mmoja. Akimaliza huyo wa kwanza ataka wa pili, na ndama, na zizi la vijiti. Na akiisha kupata zizi ataka kujua ng'ombe wake ni wangapi, na kama wa mwenzake si wengi zaidi.

Mwalimu wa mwaka wa kwanza wa shule ya msingi aweza kushuhudia mwisho wa habari hiyo. Miaka miwili baadaye ampokea mtoto huyu pamoja na mwingine aliyezuiwa asichafue nguo. Wote wawili wapewa kalamu ya risasi. Wa kwanza aishika kwa vidole vitatu vilivyokwisha kuwa na nguvu. Wa pili aishika kwa ngumi nzima kama mchi, mkono wamchoka kabla ya mstari wa pili, naye alia. Watu husema hana akili, kumbe ana akili tele na vidole vichanga. Mama akiona matope katika kaptula ya mwanawe, ajue kwamba sehemu ya mwandiko wake iko humo.

Tuache ng'ombe, twende kwenye soko la watoto. Vifuniko vya chupa ni fedha. Mchanga ni unga, kokoto ni maharage, majani ni sombe, kokwa za embe ni samaki waliotoka Uvira. Kopo moja ndicho kipimo, na muuzaji mdogo amekwisha kumwona mama yake akiongeza konzi juu ya kopo ili kumpendeza mnunuzi, naye afanya vivyo hivyo. Hapo mtoto ahesabu, abishana, akubali, akopesha. Na lugha yapata mazoezi kuliko katika darasa lolote, maana katika soko letu Kifuliiru hukutana na Kishi, Kirundi na Kiswahili, na mtoto aliyekaa kimya mbele ya ubao kwa sababu haelewi Kifaransa hapa asema maneno mia moja bila kupumua. Mwalimu mwenye busara hutega sikio. Akitaka kufundisha maneno mapya, hayatafuti mbali: "Nani ana kopo lililojaa? Nani ana nusu? Lipi zito, lipi jepesi?" Baada ya hapo aondoka, asiharibu biashara ya watu.

Injili yatuambia kwamba hata Bwana wetu Yezu Kristu aliwajua watoto wanaocheza sokoni, wakiigiza arusi na matanga, wenzao wakikataa kuitikia. Naye akachukua mfano kwao ili kuwaonya watu wazima. Hangeweza kuutumia mfano huo kama hakupata kuwatazama. Watoto wetu pia huiga arusi na matanga. Huiga na Misa, kanzu ikiwa ni jani la mgomba, na mahubiri yakiwa marefu kupita ya Padre. Twajua mapadre wasiokana kwamba walianzia hapo.

Wenzetu wengine watasema: hizo ni desturi za kale, lakini elimu ya kisasa ni nyingine. Basi wasikie elimu ya kisasa yatoka wapi. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyeipa shule yake mwaka 1840 jina la bustani ya watoto, aliujenga mpango wake wote juu ya mchezo. Maria Montessori, tabibu na mama Mkatoliki, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko Roma, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, tarehe 6 Januari 1907, sikukuu ya Epifania. Huko watoto walizifuata herufi kwa kidole juu ya karatasi ya msasa, mkono ukajua umbo kabla ya kalamu. Mchanga laini wa mto, ukitandazwa juu ya ungo au ubao, wafanya kazi iyo hiyo, wala haununuliwi.

Lakini walio karibu zaidi nasi, kwa maoni yetu, ni ndugu wawili wasiojulikana sana kwetu, Rosa na Carolina Agazzi. Walifundisha watoto wadogo huko Mompiano, karibu na mji wa Brescia katika Italia, tangu mwisho wa karne ya 19. Hawakuwa na fedha ya kununua vifaa vya Wajerumani. Wakaangalia ndani ya mifuko ya watoto wenyewe: vifungo, kamba, mbegu, vijiwe, vipande vya vitambaa, visanduku vitupu. Takataka hizo wakazikusanya, wakazipanga kwa rangi, kwa umbo, kwa jinsi zilivyotengenezwa, zikawa makumbusho ya watoto na vifaa vya masomo. Wakatoka nao nje vilevile, kulima bustani na kulisha wanyama. Anayesema shule ya Luvungi haiwezi kufundisha watoto wadogo kwa sababu haina vitu vya dukani, na aufikirie mfuko wa mtoto wa Mompiano.

Na katika Afrika yetu ya Mashariki mambo kama hayo yamefanyika. Ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, miaka ya 1980, walitaka watoto wao wadogo wapate malezi ya shule bila kuacha dini yao. Kwa msaada wa Shirika la Aga Khan, mwalimu Bi Swafiya Said pamoja na wenziwe wakaanzisha shule za madrasa zenye pembe za kuchezea na vifaa vilivyotengenezwa na akina mama kwa vitu vya kwao. Kazi hiyo ikafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Nako Dar es Salaam, huko Msimbazi, kuna chuo cha Kikatoliki cha kuwafunza walimu kwa njia ya Montessori. Wala nchini mwetu Kongo hatukosi mfano: vile vituo vya jumuiya vya kuwaamsha watoto wadogo, vinavyosaidiwa na UNICEF, ambamo kina mama wa mtaa hufunzwa kuwaongoza watoto kwa nyimbo, hadithi na michezo.

Sasa twageukia walimu wenzetu, maana lawama ya wazazi wakati mwingine ina haki. Yuko mwalimu ambaye neno "mchezo" kwake ni mapumziko yake mwenyewe. Watoto hamsini watupwa uwanjani, yeye aketi kivulini na simu. Huko si kufundisha, ni kuchunga, na tena kuchunga vibaya. Mchezo wa shule wahitaji maandalio kuliko somo la ubaoni. Mwalimu afike kabla ya watoto. Aweke udongo mahali pamoja na maji kidogo karibu. Mahali pengine mbegu za namna tatu au nne zilizochanganywa, ili zichambuliwe. Pengine kamba na magurudumu. Pengine mkeka wenye vitu vya nyumbani, kinu kidogo, ungo, kibuyu. Watoto wajigawe makundi madogo. Yeye azunguke, aketi chini kidogo penye kundi moja, aulize swali moja zuri, aende kwingine. Mwishoni wakae duara, na watatu au wanne waeleze walichofanya. Hapo ndipo mchezo wageuka maneno, na maneno yatageuka maandiko wakati wake ukifika.

Hali ya hewa yetu nayo ina amri zake. Bondeni jua la saa tano si jua la Bukavu. Kazi za nje zianze mapema, saa moja na nusu, zikome kabla kivuli hakijafupika. Na hata kivuli kile ni somo: watoto wasimame, wachore mstari penye kichwa cha kivuli chao, warudi baadaye waone kimehamia wapi. Twaupenda sana mchezo wa kusikiliza pia, ambao haudai kitu. Wote wafumbe macho, wanyamaze mpaka mwalimu ahesabu ishirini, kisha kila mmoja aseme alichosikia: ndege katika mchikichi, mchi wa jirani, kengele, mbuzi, lori linalopanda kwenda Kamanyola.

Lori hilo latuleta penye jambo zito. Barabara kuu ya namba 5, itokayo Bukavu kwenda Uvira, yapita katikati ya mji wetu. Ni mahali palipo tambarare, pasipo miiba, na kwa hiyo watoto waipenda. Wasio na uwanja hucheza pembeni mwa lami na vumbi, na mpira wa majani ya mgomba haujui kusimama penye mpaka. Tusisahau jioni ya tarehe 2 Julai 2010 huko Sange, kusini yetu katika barabara iyo hiyo. Lori la mafuta lilipinduka, mafuta yakamwagika, watu wakaja kuyateka, wengine walikuwa ndani ya vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, moto ukawaka. Watu zaidi ya 200 walikufa, na watoto wengi walikuwa miongoni mwao. Tangu siku hiyo hakuna mzazi wa bonde hili awezaye kusema kwamba uwanja wenye ua ni anasa. Mtoto wa miaka minne afundishwe, kama mchezo, akisikia harufu ya mafuta akimbie kuelekea upande upepo utokako, mbali na barabara, wala asifuate umati.

Jambo la pili zito ni vita. Bonde letu limevionja mwaka 1996, na tena 1998, na hivi karibuni katika Desemba 2025, vilipopita Luvungi na Sange kuelekea Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi na watoto migongoni. Vita hupita, vyuma vyake hubaki ardhini. Risasi, guruneti, bomu lisilolipuka: kwa jicho la mtoto ni kitu kizuri kinachong'aa, kinachofaa kuwa gari au mchi wa kinu chake. Basi palipopiganwa, mtoto asitumwe kuokota mbegu wala vijiti mahali ambapo mtu mzima hakutangulia. Mwalimu autembee ua wote kila asubuhi kabla ya kengele. Na watoto wajue maneno matatu kama wajuavyo jina la mama yao: usiguse, rudi ulikotoka, sema. Tuyafundishe kwa wimbo na kwa maigizo. Mwalimu aweke kopo lililopakwa rangi penye majani. Anayeliona asiliokote, bali arudi nyuma kwa nyayo zake zile zile na kumwita mkubwa. Wasifiwe mbele ya wote waliofanya vema. Kitu cha kweli kikionekana, pafungwe kwa matawi, na wakubwa wa mahali waarifiwe ili wataalamu waje. Asitokee kijana shujaa wa kukibeba.

Tena vita vyaingia katika mchezo wenyewe. Baada ya siku zile watoto wamecheza vita. Fimbo imekuwa bunduki, mstari wa mawe umekuwa kizuizi, na mpita njia mdogo amedaiwa vifuniko vya chupa ili apite. Wengine hucheza kukimbia: msichana wa miaka mitano amfunga mtoto wa nguo mgongoni, ajitwika furushi la majani, asema kwa sauti ya mama yake, "Tuende, wamefika." Mwalimu anayemsikia apata uchungu, na upesi ataka kumpiga marufuku. Twamsihi asifanye hivyo. Mtoto mdogo hana maneno ya kuungamia hofu yake. Aicheza, na kwa kuicheza ajaribu kuishika mkononi kama udongo. Mwalimu aketi karibu, anyamaze kwanza. Halafu aufungulie mchezo mlango mwingine: "Mmekwisha kuvuka mto. Nani atapika leo? Nani atajenga nyumba? Yuko jirani anayewakaribisha?" Mara nyingi watoto huupokea mlango huo kwa furaha, bunduki zikawa nguzo za nyumba.

Hata hivyo, mtoto anayerudia tukio lile lile kila siku bila kubadili neno, au anayewaumiza wenzake kweli, asiachwe. Wazazi, muuguzi na Padre washauriane juu yake. Na zaidi ya hao, atazamwe yule asiyecheza kabisa, aliyeketi penye ukuta na mikono mapajani. Husifiwa kwa utulivu, naye ndiye tunayemhofia. Asilazimishwe kuingia katika kundi. Apewe udongo peke yake, karibu na mtu mzima anayemjua, na aachiwe siku nyingi.

Nabii Zakaria, alipotaka kuwaonyesha watu waliorudi kutoka uhamishoni amani ya Yeruzalemu itakavyokuwa, hakuanza na ngome. Aliona wazee wenye mikongojo wameketi nje, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Twafikiri kila mji uliotikiswa waweza kupimwa kwa kipimo hicho, na Luvungi vilevile.

Wazazi waulizao watasaidiaje, tusiwaombe fedha tena. Uwanja wahitaji mikono ya Jumamosi moja. Ua wa miti ya kupanda, iliyosongamana, yenye mlango mmoja tu na mlango huo uwe upande usioelekea barabara. Mchanga wa mto gunia kumi, ukaushwe juani na kuchekechwa, ufunikwe usiku kwa turubai ili kuku na paka wasiuchafue. Maji ya kuchezea yatoke bombani au kisimani; yasichotwe katika mifereji ya mpunga, maana humo mna kichocho. Bidoni kuukuu likatwe kuwa beseni, ncha zake zilainishwe kwa moto. Gogo moja refu lilazwe chini, la kutembelea juu yake kwa mizani ya mwili. Kamba nene isifungwe mtini bila mtu mzima kuining'inia kwanza.

Magurudumu ya gari yaliyochakaa hupatikana bure kwa mafundi wa barabarani, nayo hufaa kuliko vyote, kwa kuruka, kuviringisha, kuketi na kujifichia. Yafukiwe nusu ardhini kabla ya mvua ya Septemba, udongo ushikamane nayo. Yale yatakayobaki yamelala juu ya ardhi yatobolewe matundu manne au matano upande wa chini kwa chuma chenye moto, maji ya mvua yapate kutoka, mbu wasitage mayai humo.